Dagaa wa Kupigwa Picha

Nyamburi wa Mugango alikuwa na msonyo uliosikika mwalo mzima. Hakuwa mtu wa matusi. Kumtukana mtu, alisema, ni kumpa heshima ya maneno yako, na watu wengi hawastahili maneno. Mvuvi aliyemletea dagaa waliolala alipewa msonyo. Aliyeazima beseni akalirudisha lina magamba alipewa msonyo. Hata padri mgeni aliyehubiri saa mbili nzima, jua likiwaka nje na dagaa wakingoja kugeuzwa, alipata wa kwake, mdogo, wa adabu, ulioishia ndani ya leso.

Ule mkubwa aliuweka kwa ajili ya wanaoanika mchangani. Pale mwaloni ndivyo walivyoanika tangu zamani: mitumbwi ikirudi asubuhi dagaa wanamwagwa chini, wanatandazwa kwa fagio, mbuzi wanapita, bata wanapita, na jioni wanazolewa pamoja na vyote vilivyopita. Nyamburi aliachana na mchezo huo miaka kumi na mmoja iliyopita. Alikata miti mwenyewe, akasimamisha chanja zinazomfika kiunoni, akatandaza nyavu kuukuu juu yake, na wenzake wakamcheka kwamba amewajengea dagaa vitanda. Aliwaacha wacheke. Dagaa wa chanjani hupigwa na upepo juu na chini, hukauka wakang'aa kama sindano mpya, na hawana hata punje ya mchanga.

Faida ya vitanda hivyo ilionekana Bunda, kwenye stoo ya Mwandu, Msukuma mmoja mpole mwenye tumbo na meno mazuri. Kazi yake yote aliifanya kwa meno hayo. Gunia likifika analikata uzi, anazamisha mkono mpaka kiwiko, anatoa dagaa mmoja wa katikati, anamweka kwenye meno ya mbele, anafumba macho na kutafuna polepole huku anasikiliza. Akisikia mchanga, anachora alama ya mkaa kwenye gunia, na gunia hilo linakwenda kusagwa chakula cha kuku. Hakuna kubishana. Wanawake wa kutoka Bukima mpaka Mugango wameshalia mbele ya mkaa wa Mwandu. Lakini magunia ya Nyamburi hayakukatwa uzi. Yalishushwa na kupakiwa kwenye lori la Kahama kama yalivyoshonwa.

"Za Mama Boni hatutafunagi," Mwandu aliwaambia watu stooni kwake.

Neno hilo ndilo pekee alilokuwa nalo Nyamburi duniani la kujivunia. Mumewe alikwisha kufa. Mwanawe Bonifasi alikuwa machimboni huko Geita, akipiga simu mara moja kwa mwezi, na mara nyingine hapigi. Nyumbani alibaki yeye na mkwewe Prudence, mke wa Bonifasi, binti mtulivu aliyejua kusoma kila kitu na kutosema mengi.

Basi akaja Brian.

Brian alizaliwa Musoma mjini, ila ukimsikiliza ungedhani alizaliwa ndani ya simu. Kazi yake ilikuwa kutafuta wenyeji. Kuna apu, alieleza, ambamo mtu aliyeko ng'ambo anapitisha kidole kwenye picha za watu wa dunia nzima, msuka vikapu wa huku, mkamua mbuzi wa kule, mpaka ampate anayempendeza, kisha analipia kukaa naye siku moja na kufanya anachofanya. Dunia imechoka na hoteli na simba, akasema. Watu sasa wanataka kuishi. Nyamburi akamuuliza, mpaka leo walikuwa wanafanya nini.

Alikubali kwa sababu ya mwezi. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa kwa taa, na taa inafaa kukiwa giza tu. Mwezi ukishakuwa mkubwa mitumbwi inapumzika karibu siku kumi, na waanikaji wanabaki wanatazamana. Nyamburi alizichukia siku hizo kuliko malaria. Akamwambia Brian awalete watu wake wakati wa mbalamwezi tu, wakati wa giza wasije kumkanyagia kazi. Brian akasema hakuna shida. Brian alisema hakuna shida kwa kila alichoambiwa, na mtu wa namna hiyo, Nyamburi alikuja kusema baadaye, ni wa kufungiwa mlango mapema.

Siku ya kupiga picha za kuweka kwenye apu Brian alikuja na masharti. Paneli ya sola juu ya bati ifunikwe kwa majani. Mabeseni ya plastiki yafichwe, itafutwe mitungi, nayo ikaazimwa kwa bibi mmoja wa Butiama aliyekuwa ameotesha maua ndani yake. Fulana ya kwaya ivuliwe, na simu ya Nyamburi, ambayo ilikuwa kubwa kuliko ya Brian, ikae chini ya godoro. Wageni wanalipa kukutana na mtu asiye na simu. Wamempata kwa simu, watafika kwake wakifuata simu, na watamwonyesha kwa jamaa zao kwa simu, lakini yeye mwenyewe asiwe nayo. Chini ya picha wakaandika Mama wa Ziwa. Nyamburi alisonya hata Brian akarudi nyuma hatua moja.

Wageni wa kwanza walikuwa mume na mke, nao walifika mwezi ukiwa umejaa, wakitokea kuangalia makumbusho ya Butiama. Ramani ya simu yao iliwafikisha kwanza kwenye zizi la mzee Stanislausi, wakapiga picha ng'ombe wake nusu saa nzima wakidhani ndiyo mambo yenyewe. Walipopatikana na kuletwa, mwanamke akatoa simu ya kutafsiri. Anaisemesha kwa lugha yao, nayo inatoa Kiswahili kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Ikamuuliza Nyamburi anahisi nini moyoni anapowagusa samaki. Nyamburi akafikiri kwa haki kabisa, akajibu kwamba anahisi samaki. Simu ikasema jambo refu, na mwanamke akafuta machozi.

Kisha wakataka dagaa wenyewe. Nyamburi akawaonyesha juu: ni mbalamwezi, mitumbwi iko nchi kavu, hakuna dagaa, na ndiyo maana mama mwenye nyumba ana nafasi ya kukaa na ninyi. Brian akamvuta pembeni. Apu haijui mambo ya mwezi, alisema. Kalenda yake ina siku tu, na siku zote ni sawa. Mwenyeji akimwangusha mgeni, anaporomoshwa kwenye orodha mpaka chini kabisa, ambako kidole cha mtu hakifiki.

"Mama, si unao dagaa wakavu ndani," akasema. "Waloweshe."

"Niwaloweshe halafu niwakaushe?"

"Ndiyo, mama. Wao wamekujia kukausha."

Nyamburi akamtazama kijana huyo, mzima wa akili, aliyesomeshwa kwa jasho la wazazi wake. Kisha akaenda akalowesha. Akawatoa majini wamevimba na kulegea, akawapeleka kwenye chanja, na hapo wageni wakasita. Wakanong'onezana na Brian. Chanja zinaharibu picha, Brian akafasiri bila simu. Zina nyavu za nailoni, zinafanana na mabanda ya kuku. Walikuwa wameona mahali fulani watu wanaanika chini, mchangani, jua likizama, na hiyo ndiyo asili waliyoifuata mpaka huku.

Asili. Miaka kumi na mmoja amepigana na mavi ya mbuzi, na leo watu wanapanda ndege kuyafuata. Alimwaga beseni mchangani, wageni wakavua viatu, wakapiga magoti, wakatandaza dagaa waliokwisha kukauka juzi kwa furaha ya watoto wa chekechea. Mwanamke akasema, kwa sauti ya mtangazaji, kwamba hajawahi kugusa kitu cha kweli namna hii. Jioni Prudence aliwazoa wale dagaa akawatupia bata.

Ikawa ndiyo desturi. Kila mbalamwezi lilikuja kundi, dagaa wakaloweshwa, wakamwagwa mchangani, wakaishia kwa bata, nao bata wakanenepa hata wakashindwa kukimbia. Nyamburi aliwasonya wote waliokuja. Aliwasonya waliouliza choo cha asili kiko wapi na wakakiona wakasema hapana. Alimsonya bwana mmoja aliyekuja kujitenga na ulimwengu, akazunguka mwalo mzima mkono juu akitafuta mtandao.

Lakini kuna jambo Nyamburi hakumwambia mtu. Kila wageni walipoondoka alimwita Prudence, akatoa simu chini ya godoro, wakafungua ukurasa wa Mama wa Ziwa kuhesabu nyota. Zilikuwa tano, daima tano. Prudence alimfasiria maoni: kwamba ana hekima, kwamba ana macho ya mtu aliyeona mengi, kwamba kicheko chake kinaponya. Nyamburi hakuwahi kucheka mbele yao hata mara moja. Alisema wapumbavu hawa, na kisha akasema, soma tena hapo kwenye macho. Sasa akawa anamtazama mwanamke wa jirani anayeanika chini kwa jicho jingine, maana huyo hakuwa na nyota hata moja.

Kwa hiyo Brian alipoanza kuleta wageni hata wakati wa giza, hakuna shida, mama, ni wawili tu, Nyamburi alifoka dakika tano akakubali.

Siku iliyoharibu mambo ilikuwa Alhamisi, mwisho wa siku za giza. Magunia kumi ya Mwandu yalikuwa yameshashonwa kwa uzi mweupe, la kumi na moja limesimama wazi, limejaa kasoro kidogo, na gari la kwenda Bunda lilikuwa linakuja alfajiri. Akatokea binti mmoja na kidege cha kupiga picha, kile kinachonguruma angani. Mbuzi wakakimbia, bata wakajaribu. Binti alikuwa amekwisha kuwapiga picha dagaa waliomwagiwa mchangani kwa ajili yake tangu asubuhi, sasa wakavu, kutoka juu, kutoka pembeni, kutoka karibu. Sasa akataka jambo la mwisho: Mama wa Ziwa akiwazoa kutoka mchangani na kuwamimina kwenye gunia.

Nyamburi akaleta gunia tupu. Binti akatikisa kichwa. Gunia tupu linaanguka, alisema Brian, halina uzito kwenye picha, anataka lile lililosimama. Nyamburi akasema lile ni la Mwandu.

"Ni picha tu, mama," akasema Brian. "Utawatoa baadaye."

Akazoa sahani moja, akamimina. Binti akapiga makofi, akaonyesha kwa kidole aongeze. Akamimina ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Halafu mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya kila gunia linapokaribia kujaa: alishika masikio mawili ya gunia, akalinyanyua na kulibamiza chini mara tatu, mara nne, dagaa washuke washikamane. Ndivyo anavyofanya kila muuza dagaa, hata akiwa usingizini. Alipotazama ndani, wa mchangani walikuwa wamezama katikati ya wa chanjani, na hakuna macho ya mtu ambayo yangewatenga.

Angeweza kulimwaga gunia zima, apepete upya, asubiri gari la wiki ijayo. Alilijua hilo. Lakini mawingu yalikuwa yamefunga upande wa ziwa, binti alikuwa anamkumbatia, na sahani sita katika gunia zima, alijiambia, ni kitu gani. Uzi mweupe ulikuwa umekwisha. Akalishona kwa uzi wa bluu na kwenda kulala.

Jumatatu Prudence alikuja na simu yake, akaiweka mapajani mwa mama mkwe wake. Video ya binti ilikuwa imetua kwenye magrupu ya Musoma, ya Bunda, hata ya wakulima wa pamba wa Mugeta. Kulikuwa na muziki wa kinanda. Kulikuwa na Nyamburi, mzuri kuliko alivyo, akimwaga dagaa mchangani jua likizama, akiwazoa na mchanga wao, akiwamimina katika gunia nono na kulibamiza. Watu wa kwao hawakuandika habari za macho yaliyoona mengi. Waliandika: kumbe ndiyo hizi mnatuuziaga?

Jumanne Mwandu akapiga simu. Hakugomba. Alisema tu, "Mama Boni, njoo Bunda."

Alifika kesho yake asubuhi akiwa amefura. Njia nzima alikuwa anaitengeneza hotuba, na hotuba ilikuwa ya kweli karibu yote. Kwenye stoo alimkuta Mwandu na Enoka, mnunuzi wa Kahama mwenye lori, na wabebaji watatu wamekaa juu ya mizani. Magunia yake kumi na moja yalikuwa yamepangwa peke yake ukutani.

"Sijakata hata uzi mmoja," Mwandu akasema. "Nimekungoja mwenyewe."

Nyamburi akasonya. Akawaeleza. Akawaeleza habari za apu isiyojua mwezi, habari za dagaa wanaoloweshwa ili wakaushwe, habari za watu wazima waliosafiri bahari mbili kuja kuchezea mchanga ambao kwao upo. Hao ni dagaa wa kupigwa picha, alisema, wanaliwa na bata. Enoka alicheka mpaka akashika ukuta. Nyamburi akamgeukia Mwandu, akamuuliza amemfahamu miaka mingapi, na katika miaka hiyo ni lini jino lake lilikwama.

"Ndiyo maana nimekungoja," akasema Mwandu, na alionekana kuona haya. "Chagua gunia moja, wewe mwenyewe. Nikitafuna, maneno yameisha."

Nyamburi akanyoosha kidole kwenye gunia la uzi mweupe.

Mwandu akalikata, akazamisha mkono, akatoa dagaa wa katikati, akafumba macho. Akatafuna muda mrefu kuliko kawaida. Alipofumbua macho alikuwa na furaha ya mtu aliyepata kitu alichodhani kimeibwa. Akamshika Nyamburi mkono kwa mikono yake miwili, akamwomba radhi mbele ya watu wote. Akawalaani wageni na vidole vyao. Akaitoa simu, akaifuta ile video, akawaambia wabebaji nao wafute. Mpaka nakufa, alisema, meno yangu hayatagusa tena dagaa wako. Kisha akaamuru wapakie.

Wabebaji wakaanza. Nyamburi alisimama mlangoni akipokea pole na pongezi, akatafuta ndani yake ule msonyo wa kumtumia Brian, na yule binti, na kidege chake, na kila mwenye simu kati ya hapa na mwisho wa dunia. Haukuja. Akaona aibu, aibu kavu ya mtu mzima, kama aliyekamatwa anaonja chungu cha jirani. Gunia la uzi wa bluu lilikuwa limeshapanda begani mwa mbebaji wa pili, linaelekea kwenye lori, na kule Kahama kuna mtu atawapikia watoto wake bila kutafuna kwanza, kwa sababu ameambiwa ni za Mama Boni.

"Hilo lishushe," akasema.

Mwandu akauliza lina nini.

"Tafuna."

Alitafuna wa kwanza, hakuna mlio. Akatafuna wa pili. Wa tatu alisikika mpaka kwa Enoka, sauti ndogo ya kokoto kwenye jino. Mwandu akatema kiganjani, akatazama. Hakuuliza habari za picha. Aliuliza jambo moja tu.

"Uliponichagulia lile, hili ulikuwa unalijua?"

"Nilikuwa nalijua."

Mwandu akaitikia kwa kichwa, taratibu, akachora mkaa kwenye gunia lile. Kisha akawaambia wabebaji washushe yote. Enoka akaenda kuzima lori. Mwandu akakata uzi wa gunia la tatu, akatafuna, na halikuwa na mchanga; hakusema kwamba halina mchanga. Akakata la nne, akatafuna. Akakata la tano. Alikuwa anafanya kazi yake kama anavyoifanyaga kwa mtu yeyote wa mwalo wowote, macho yamefumbwa.

Nyamburi akamwomba mbebaji sindano na uzi. Akachuchumaa kwenye gunia la kwanza, akaanza kuyashona moja moja, akimfuata Mwandu nyuma.